Mabishano ya Shule na Mzazi: Nani Analipa Bei?

Wandugu wahitimu, na ninyi mnaoandaa bado mitihani, hapa tumezoea kuchambua siasa, bei ya kahawa na hali ya barabara. Leo naomba tuchambue sheria. Ni Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ile inayolinda na kukuza haki za watu wanaoishi na ulemavu katika inchi yetu. Wengi wameisifu, na mimi naisifu pia. Lakini kusifu sheria bila kuipima ni kama kununua mbegu juu ya picha iko kwenye mfuko. Mtu wa kilimo anafanya hivi: anachukua punje mia, anaziweka kwenye kitambaa chenye maji, na kisha siku chache anahesabu ngapi zimeota. Nataka kuipima hii sheria namna ileile, kwa swali moja: siku mama wa Kimemi na direkta wa shule wanakosana juu ya mtoto mwenye ulemavu, nani analipa bei ya yale mabishano?

Mabishano yenyewe hayana sura moja. Kuna mtoto asiyesikia vizuri, anakalishwa kwenye banki ya mwisho, na mwisho wa mwaka buletini inasema kama hana akili. Kuna mwenye kifafa: alianguka mara mbili ndani ya darasa, wazazi wa wengine wakaogopa, na direkta akamwambia mama akae naye nyumbani «mpaka atapona». Kuna anayetembea na magongo, na darasa lake liko juu ya ngazi. Kuna pia yule ambaye ulemavu wake hatuuoni kabisa: kwa mdomo anaelewa yote, lakini herufi zinamchanganya, naye anarudilia mwaka wa pili mara ya tatu. Mahali pote hapo shule inasema lake na mzazi lake. «Mama, huyu mutoto hatutamuweza, mumutafutie masomo ya bale ba vile.» Na mama anajibu: «Naye ni mutoto wa Leta, juu ya nini asisome na wenzake?»

Kwa upande wa haki, mama ana karatasi nyingi mkononi. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kusoma, na shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure. Kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi katika mambo ya elimu. Kifungu cha 49 kinawapa watu wenye ulemavu ulinzi wa pekee. Sheria-mama ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inataja elimu maalum. Mwaka 2015 inchi yetu iliingia katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinahusu shule ambayo watoto wote wanasoma pamoja. Tangu 2019 kuna hata wizara yenye kushughulika na watu wanaoishi na ulemavu. Tena tangu Septemba 2019 kuna elimu ya bure ya msingi, ambayo iliondoa ile prime ya kila mwezi. Ukipanga hizi karatasi zote juu ya meza, unaweza kuamini kama kesi imekwisha kabla ya kuanza.

Sasa tuweke punje kwenye kitambaa. Nenda kwa direkta yeyote wa shule ya msingi hapa mjini, mwenye moyo mzuri, apana yule mkali, na umuulize maswali manne. Mzazi akiomba mtoto wake abadilishiwe kitu fulani, una siku ngapi za kumjibu? Ukikataa, unaandika sababu kwenye karatasi gani? Nani anapima kama mtoto ana ulemavu kweli na anahitaji nini, na nani analipa ile kazi ya kupima? Na wakati mnabishana, mtoto anakaa wapi: darasani ao nyumbani? Direkta atakuangalia kwa upole na atakuambia: «Hayo tunaelewana tu na mzazi.» Njo jibu, na ni jibu la kweli. Haki imeandikwa, lakini njia ya kuifikia imeachwa kwa roho ya mtu. Punje zimevimba kwa maji, lakini mzizi haujatoka.

Tufuate basi ile njia ya «kuelewana». Mama ameongea na direkta, wameshindwana. Aende wapi? Shule nyingi hapa Butembo na Beni ni za makanisa yaliyofanya mkataba na serikali, ule uliotiwa sahihi tarehe 26 Februari 1977. Serikali inatoa programu, ukaguzi na mshahara. Kanisa linaongoza shule. Kwa mambo mengi mpango huu umetusaidia, tusikatae. Lakini mama mwenye malalamiko anajikuta kati ya milango miwili. Kwenye ofisi ya kanisa wanamwambia mambo ya sheria ni ya serikali. Kwenye Sous-Proved wanamwambia aanze kwa msimamizi wa shule. Akipanda mpaka Proved wa Nord-Kivu 2, ambaye kiti chake kiko hapahapa Butembo, anaulizwa: «Mama, barua yako iko wapi? Na jibu la direkta?» Barua hana, maana waliongea kwa mdomo. Jibu hana, maana hakuna aliyemwandikia. Anarudi chini aanze upya.

Kuna mtu atasema: aende tribinali. Haya, twende. Kwanza avoka, ambaye hafanyi kazi kwa asante. Halafu karatasi ya daktari, siku za kupoteza soko ao shamba, na pesa ya moto kila mara kesi inaahirishwa. Halafu mazingira yetu wenyewe: tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi wa dharura, na wakati ule kuhukumu makosa ya jinai kulihamishwa kutoka mahakama za raia kwenda kwa mahakama za jeshi. Hata kama baadaye mambo fulani yalilegezwa, nani angepeleka mabishano ya banki ya mwisho mbele ya auditeri wa jeshi? Na tangu Goma ianguke Januari 2025, uongozi wa jimbo unafanya kazi kutoka Beni, na watumishi wengi bado wanatafuta mahali pa kuweka meza na kabati zao. Katika hali kama hii, haki inayodai mahakama ili iishi ni haki ya matajiri. Na matajiri hawabishani: wanapeleka mtoto Kampala.

Kwa hiyo mama anafanya hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Anaacha. Mtoto anabaki nyumbani, anachunga wadogo zake, anauza mandazi. Kwenye registre ya shule wanaandika neno moja: ameacha. Ofisi zote zinaonekana kuwa na amani: hakuna kesi, hakuna barua, hakuna franka imetoka. Ukiuliza bei ya mabishano ya elimu maalum hapa kwetu, kwenye vitabu utakuta sifuri. Lakini bei imelipwa yote. Mtoto njo aliilipa, kwa maisha yake, bila kuulizwa. Wazee walisema: wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Hapa tembo hata hawakupigana. Mmoja alichoka akaondoka, na nyasi zikakauka vilevile.

Sasa, kuna inchi ambazo yale maswali manne ya direkta yameandikiwa majibu katika sheria. Tuangalie yaliwapeleka wapi, maana kuna watu wetu wanadhani dawa ni kunakili sheria ya wazungu.

Marekani walianzia mahali kama petu. Mwaka 1972, mjini Washington, wazazi walishitaki halmashauri ya shule iliyowafungia inje watoto wenye ulemavu. Ni kesi inayoitwa Mills. Halmashauri ilijitetea na ile sauti tunayoijua: hakuna pesa. Hakimu alikataa. Alisema kama pesa haitoshi kwa watoto wote, basi igawanywe kwa haki, mtoto yeyote asifungiwe inje kabisa, na upungufu usianguke kwa uzito zaidi juu ya mtoto mwenye ulemavu. Tukae kidogo juu ya hii hoja. Hakimu hakusema halmashauri ilikuwa na pesa nyingi. Alisema umaskini wa shule ni wa watoto wote, na haupaswi kubebeshwa mmoja peke yake.

Miaka mitatu kisha pale, tarehe 29 Novemba 1975, Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria ya elimu ya watoto wote wenye ulemavu. Ile sheria ilijibu maswali yetu. Kila mtoto anaandikiwa mpango wake mwenyewe. Shule ikikataa ombi la mzazi inaandika sababu. Mzazi asipokubali namna shule ilivyopima mtoto, anaweza kuomba upimaji wa mtu wa inje kwa gharama ya serikali, isipokuwa shule ikionyesha kwamba upimaji wake ulikuwa mzuri. Na wakati wa mabishano mtoto anabaki darasani kwake. Hadi hapo, mbegu imeota.

Lakini mchwa nao walikuja. Serikali kuu ya Marekani iliahidi kulipa mpaka asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi mmoja, kusaidia shule kubeba ule mzigo mpya. Hadi leo haijawahi kufikisha ile ahadi. Shule zikabaki na wajibu mkubwa na mfuko mdogo, na mabishano yakawa kazi ya maavoka. Mwaka 2005, katika kesi ya Schaffer, Mahakama Kuu ilisema anayelalamika njo atoe ushahidi, na mara nyingi anayelalamika ni mzazi. Mwaka 2006, katika kesi ya Arlington, ikasema mzazi akishinda hatarudishiwa pesa aliyolipa wataalamu wake. Unaona? Haki ileile ikaanza tena kupima mfuko wa mzazi. Hata kabla ya hukumu zile walikuwa wametafuta njia ya chini: mwaka 1997 majimbo yalilazimishwa kutoa usuluhishi bila mzazi kulipa, na mwaka 2004 wakaongeza mkutano wa lazima kati ya shule na mzazi ndani ya siku 15 tangu malalamiko yafike. Walijenga paa kwanza, halafu wakarudi kutafuta ngazi ya kwanza ya nyumba.

Uingereza wana somo lingine, na kwangu ni kali zaidi. Kwa sheria yao ya 2014, mara nyingi mzazi hawezi kukata rufaa bila kwanza kuwasiliana na mshauri wa usuluhishi na kupata cheti chake. Ukisikia tu hivyo utasema: vizuri, wanapunguza kesi. Lakini katika miaka ya karibuni, zile rufaa zinazofika mpaka uamuzi, wazazi wanashinda zaidi ya 9 kati ya 10. Maana yake nini? Maana yake viongozi walikuwa wakikataa vitu ambavyo walijua ao walipaswa kujua kama ni haki ya mtoto, na familia zikalipa miezi ya kungojea ili kupata jibu ambalo lingetolewa siku ya kwanza. Ile gharama yote haikuzaliwa na wazazi wagumu. Ilizaliwa na «hapana» iliyosemwa ovyo.

Hapa njo nafika kwenye hoja yangu, na nasema wazi: kupunguza gharama ya mabishano si kupunguza sauti ya mzazi. Mkutano wowote unaokusanya maofisa kuzungumzia namna ya «kuepuka migogoro shuleni» unapaswa kuulizwa: migogoro inaepukwa kwa kumpa mtoto anachostahili, ao kwa kumnyamazisha mama? Namna zote mbili zinaleta kimya. Ukisimama kwenye kiwanja cha shule huwezi kuzitofautisha. Utazitofautisha ukihesabu watoto walio ndani ya darasa.

Na kuna hatari nyingine, ya kwetu wenyewe. Sisi watu wa huku tunapenda sana kumaliza mambo kwa barza. Wayira tuna ekyaghanda, pale wazee wanakaa, wanasikiliza, wanapatanisha. Ni utajiri wetu. Mashamba mangapi hayajamwaga damu juu ya ekyaghanda! Lakini tuwe wakweli. Katika mabishano ya mpaka wa shamba, wale wawili wanaokuja mbele ya wazee wanalingana: kila mmoja ana jembe, ana ukoo, ana mashahidi. Katika mabishano ya shule, mmoja ana ofisi, mhuri na buletini. Mwingine ana mtoto mwingine darasa la nne palepale, na anaogopa asichukiwe. Mara nyingi anayepatanisha ni mtu wa kanisa lilelile linaloongoza shule. Hata akiwa mtakatifu, mama hawezi kusema yote mbele yake. Usuluhishi kati ya watu wasiolingana, bila karatasi na bila mtu wa inje, unaishia mahali pamoja: mama anashukuru, anasalimia, anaenda nyumbani na mtoto wake. Hiyo ni amani ya bei rahisi, na vya bei rahisi wote tunavijua.

Lakini sisemi tutupe barza. Nasema tuipe miguu.

Wale mnaotoka upande wa Lubero na Beni mnakumbuka mnyauko wa migomba, ule watu wanaita wilt, ambao katika jimbo letu ulionekana kwanza Masisi mwaka 2001. Mkulima aliyevunja ua dume mapema kwa mti wenye panda, bila kisu, na aliyekata ule mgomba mmoja mgonjwa mara tu alipouona, alibaki na shamba. Hakulipa kitu isipokuwa macho yake na dakika chache. Aliyengojea mtaalamu aje na dawa alikuta shamba zima limeanguka, na dawa yenyewe haikuwepo. Gharama ya ugonjwa ilipangwa na siku aliyoanza kushughulika. Mabishano ya shule ni hivyohivyo. Siku ya kwanza yana bei ya karatasi moja. Mwezi wa tatu yana bei ya avoka. Mwaka wa pili yana bei ya mtoto.

Basi ngazi ya kwanza ni nini? Mimi naona mambo matano, na hakuna hata moja linalongojea Kinshasa.

La kwanza, karatasi. Ukurasa mmoja tu: mtoto anashindwa nini, mzazi anaomba nini, shule inajibu nini na kwa sababu gani. Sahihi mbili, nakala mbili. Direkta anayejua kama «hapana» yake itasomwa na mwingine atafikiri mara mbili kabla ya kuisema. Na mama akipanda kwa Sous-Proved hataambiwa tena aanze upya.

La pili, siku. Tuchukue zile 15 za Marekani. Hapa hazihitaji sheria mpya, zinahitaji komite ya wazazi kuziandika kwenye kanuni ya ndani ya shule. COPA na COGES ziko katika shule zetu, zinakutana, zinapiga hesabu ya milango na mabati. Zinaweza pia kuandika mstari mmoja juu ya siku ya kujibu.

La tatu, mtoto abaki darasani wakati watu wazima wanabishana. Hili njo kubwa kuliko yote, maana linahamisha bei. Leo kuchelewa kunamuumiza mtoto peke yake, kwa hiyo hakuna mwenye haraka. Mtoto akibaki darasani, kila mtu anatamani jambo liishe.

La ine, mtu wa inje kwa kupima. Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1984 kufungua vituo vya kupima watoto na kuwaelekeza, wakisaidiwa na Denmark, ili swali la «huyu mtoto ana nini?» lisijibiwe na shule inayotaka kumwondoa wala na mzazi anayeogopa. Sisi hatuna mtandao kama ule. Lakini tuna vituo vya afya, tuna hospitali kubwa, tuna wanafunzi wa udaktari na wa saikolojia wanaofanya mazoezi kila mwaka. Kupima masikio na macho ya watoto wa shule moja ni kazi ya siku chache. Wangapi kati ya wale tunaowaita wajinga ni watoto wasiosikia maneno ya mwalimu tu? Mabishano mengi yangekufa pale, maana pande zote mbili zingeona kama zilibishana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekipima.

La tano, mzazi mmoja wa mtoto mwenye ulemavu awe ndani ya kila COPA. Hata kama shule inasema haina mtoto wa namna hiyo. Hasa kama inasema haina.

Najua mwalimu anayesoma hapa ameshakasirika, na ana haki. Tangu elimu ya bure, madarasa yalijaa kuliko kuta zinavyoweza kubeba. Kuna walimu walikaa miaka bila jina lao kuonekana kwenye listi ya mshahara. Wengine wamepokea watoto wa wakimbizi waliotoroka mauaji upande wa Beni, wamewabana palepale kwenye banki za watano. Halafu kijana mwenye lisansi ya kilimo anakuja kumwambia aandike ukurasa mmoja zaidi! Mwalimu, sikiliza: ule ukurasa ni silaha yako pia. Leo ukishindwa na mtoto asiyeona ubao, kosa ni lako, maana hakuna mahali imeandikwa kama uliomba msaada ukanyimwa. Siku utakapoandika «nina watoto hawa wengi, nahitaji hiki, sikupewa», mabishano yanaacha kuwa kati yako na mama. Yanakuwa kati yenu wawili na yule mwenye wajibu wa kuleta. Mama si adui yako. Ninyi wawili njo mnaobeba ule upungufu ambao hakimu wa 1972 alisema usibebeshwe mtoto.

Kuna hoja nyingine, na sitaipita. Wengine wanasema: inchi iko vitani, watu wanalala porini, na ninyi mnaongea juu ya ngazi na banki ya mwisho. Jibu langu ni fupi. Vita yenyewe inazalisha ulemavu kila wiki: mguu uliokatwa, sikio lililopasuka kwa bomu, mtoto aliyeacha kuongea tangu usiku ule. Shule isiyojua kupokea mtoto mwenye ulemavu ni shule isiyojua kupokea watoto wa hii vita. Kungoja amani ili kuwafungulia mlango ni kuwaadhibu mara mbili.

Turudi basi kwa sheria yetu ya 2022. Hukumu yangu ni hii. Ni sheria nzuri kwa upande wa heshima: inamwita mtu mwenye ulemavu mwenye haki, haimwiti wa kuhurumiwa, na katika lugha ya Leta yetu hiyo ni hatua kubwa. Lakini inaongea kwa sauti kubwa kwa waziri na kwa sauti ndogo kwa direkta. Anayesoma kule Kinshasa anaona ahadi. Anayeisoma katika Kimemi anatafuta siku, karatasi na mtu wa kumwendea, na anafunga kitabu bila kuvipata. Sheria-mama ya 2014 nayo ina ugonjwa uleule. Wanaoandika maamuzi ya kuzitekeleza bado wana nafasi ya kurekebisha, na wasianze na adhabu. Waanze na ule ukurasa mmoja.

Na sisi? Hii kundi letu ina watu wa sheria, wa pedagojia, wa afya, wa kilimo. Wengi tunakaa bila kazi, tunajua kuandika barua nzuri ya kuomba ajira ambayo haijibiwi. Mama wa mtaa wetu anahitaji barua fupi kuliko ile. Kumwandikia, kumsindikiza mpaka ofisi ya direkta, kukaa kimya pembeni na kuandika kilichosemwa: hakuna avoka atakayekasirika, hakuna sheria inayokataza. Mwaka wa shule unafunguliwa Septemba, na wiki mbili za kwanza za kuandikisha watoto njo wakati «hapana» nyingi zinasemwa mlangoni, kwa mdomo, haraka, bila shahidi. Kila mmoja wetu achague shule moja tu ya mtaa wake, apana kumi, na awe pale akiwa na kalamu.